Majani Si Adhabu

Kila mtoto wa Afrika Mashariki aijua methali isemayo kwamba wapiganapo tembo ziumiazo ni nyasi. Twaitumia tukitaka kusema habari za mtu mnyonge asiye na mtetezi. Tena katika shule nyingi za nchi yetu, mwanafunzi akichelewa kengele, au akikutwa akipiga kelele wakati wa kusoma, hupewa fyekeo na kuonyeshwa kipande chake cha majani. Je, mtoto alelewaye hivyo kwa miaka sita ya sekondari atajifunza nini juu ya majani? Atajifunza kwamba majani ni mali ya wanyonge na kazi ya wakosaji. Akimaliza shule atakimbilia mjini, na akimwona mtu amebeba mzigo wa majani juu ya baiskeli atamwonea huruma.

Mimi nataka kusema kinyume cha hayo. Nataka kuwaambia wanafunzi wenzangu, na wanafunzi wa zamani wanaolisoma gazeti hili makwao, kwamba katika Busoga ya leo majani ni zao la shambani kama mahindi na kahawa. Yastahili kupandwa kwa mstari, kupaliliwa, kutiwa samadi na kulindwa na magonjwa. Nasema hasa juu ya mabingobingo, yale majani marefu ambayo Waganda huyaita ebisagazi, Wakenya huyaita nepia, na vitabu huyaita majani ya tembo.

Kwanza tujue kwamba majani haya ni yetu. Asili yake ni Afrika ya joto na mvua, nayo huota yenyewe katika mabonde na kando ya misitu ya nchi hizi. Jina la nepia limetoka kwa Kanali Napier wa Bulawayo, mji ulio Zimbabwe ya leo, ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 aliwahimiza wakuu wa kilimo wa huko wayajaribu kwa chakula cha ng'ombe. Lakini kabla ya huyo Kanali kuyaona, wazee wetu walikuwa wakiyatumia. Mabua yake yaliyokauka yalitengeneza ua na kuta za nyumba. Na shamba lililochoka liliachwa lilale, mabingobingo yakaota na kulifunika miaka kadhaa. Lilipofyekwa tena udongo ulikuwa mweusi na mwepesi. Maofisa wa kilimo wa kabla ya Uhuru wa 1962 waliichunguza desturi hiyo katika vituo vyao, wakaona ina maana, wakawashauri wakulima walime miaka mitatu na kulipumzisha shamba miaka mitatu chini ya majani.

Siku hizi nani aweza kulilaza shamba miaka mitatu? Bugembe, iliyokuwa makao ya Lukiko ya Busoga, tangu Julai 2020 imo ndani ya Jiji la Jinja. Viwanja vyakatwa vidogo mwaka hata mwaka. Ukitoka hapa kwenda Kakira, ambako kiwanda cha sukari kilianza kazi mwaka 1930, utaona miwa kulia na miwa kushoto, na mingi yake si ya kampuni bali ni ya wakulima wadogo waliopanda hata karibu na mlango wa jikoni. Ng'ombe hana tena mahali pa kuchungwa. Kwa hiyo watu wengi wenye ng'ombe wa maziwa humfuga bandani na kumletea chakula chake.

Hapo ndipo penye taabu, na yafaa tufanye hesabu kidogo. Ng'ombe mmoja mkubwa wa maziwa ahitaji majani mabichi kilo 70 hivi kila siku. Zidisha mara siku 365, utapata kilo 25,550, yaani zaidi ya tani 25 kwa mwaka kwa ng'ombe mmoja tu. Nani ataziokota tani 25 kando ya barabara? Wako wajaribuo. Twawaona asubuhi mapema katika barabara ya Iganga, wengi wao watoto wa shule ya msingi na mama zao, wakikata majani kwenye mitaro, mahali ambapo magari yamwaga mafuta na watu watupa mifuko ya plastiki, ambayo twaiita kavera. Ng'ombe akiimeza kavera haiyeyuki tumboni. Hukaa humo, zikaongezeka nyingine, mwisho mnyama akonda na kufa hali amelishwa kila siku.

Na yule mtoto aliyekwenda kukata majani? Afika shuleni saa mbili au saa tatu ya asubuhi, amelowa umande, somo la kwanza limekwisha. Wenye desturi ya adhabu huko watampa nini? Watampa fyekeo akakate majani! Msomaji aweza kucheka, lakini jambo hili si la kucheka. Kama mabingobingo yangekuwa nyuma ya nyumba yao, kazi ya saa mbili ingekuwa kazi ya nusu saa, na mtoto angewahi darasani. Mimi naona kwamba shamba la majani lasaidia elimu kuliko watu wanavyofikiri. Kwanza kwa wakati linaouokoa, na pili kwa maziwa ambayo hulipa karo za wengi.

Sasa nieleze namna ya kuyapanda, maana wengi husema, "Majani hupandwaje? Majani huota tu." La, hayaoti tu, ikiwa wataka tani 25.

Chagua mabua yaliyokomaa, yasiyo na dalili ya ugonjwa. Kata vipande vyenye vifundo vitatu. Mvua zikianza, vipande hivyo vichomekwe kwa kulala upande, vifundo viwili chini ya udongo na kimoja juu. Mstari na mstari uachane mita moja, na kipande na kipande nusu mita au zaidi kidogo. Waweza pia kugawanya shina la zamani na kupanda machipukizi yake, nayo huwahi kukua. Palilia mpaka majani yenyewe yafunike ardhi. Usiyaguse kabla ya miezi mitatu au minne, hata kama ng'ombe analia, kwa kuwa mizizi bado yatafuta nguvu. Baada ya hapo kata kila baada ya wiki sita hadi nane, yakiwa na urefu wa mita moja au kupita kidogo.

Hapa watu hukosea kwa njia mbili. Mwenye haraka hukata mno, tena hukata hadi kwenye udongo, na shina lake hufa baada ya misimu michache. Aache kisiki cha upana wa kiganja, ili shina lipate pa kuchipulia. Mwenye uvivu, au mwenye tamaa ya kuona majani marefu, huyaacha mpaka yanakuwa fito. Hujivunia shamba lililompita kimo mara mbili, lakini ng'ombe hapati faida, kwa sababu majani yakizeeka chakula cha kujenga mwili hupungua na mti huzidi. Ng'ombe hula majani laini na kuyaacha mabua horini. Afadhali mzigo mdogo wa majani machanga kuliko mzigo mkubwa wa kuni!

Jambo jingine ni samadi. Kila mzigo unaobebwa kwenda bandani umechukua nguvu ya udongo. Usipoirudisha, baada ya miaka miwili au mitatu majani yatakuwa membamba na ya manjano, nawe utailaumu mbegu. Kila ukimaliza kukata mstari, fukia samadi ya banda katikati ya mistari. Ng'ombe hulipa deni lake mwenyewe, ikiwa wewe hutakuwa mvivu wa kulibeba. Tena ni vema kupanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde, katikati ya mabingobingo, na kaliandra mpakani. Mimea hiyo hutia rutuba udongoni na kumwongezea ng'ombe chakula cha kujenga mwili, kitu ambacho majani peke yake hayana cha kutosha.

Na kiangazi je? Kwetu Busoga miezi ya Desemba mpaka Februari huwa mikavu, na maziwa hupungua wakati uleule wa kutafuta karo ya muhula wa kwanza. Dawa yake ni kuweka akiba wakati wa mvua. Majani hukatwa vipande vidogo, huachwa yanyauke kidogo, hunyunyiziwa molasi, kisha hushindiliwa katika shimo au mfuko wa plastiki mpaka hewa yote itoke, na kufunikwa kabisa. Hiyo yaitwa sileji, nayo hukaa miezi mingi bila kuharibika. Molasi yenyewe ni masalio ya kutengeneza sukari, na sisi tumezungukwa na miwa. Wengine Uganda hii hawana bahati hiyo.

Lakini sasa kuna adui. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ugonjwa mpya wa mabingobingo ulionekana magharibi mwa Kenya, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulikuwa umekwisha kuingia Uganda. Ni ugonjwa wa kudumaa. Shina hukatwa, nalo halirudi kama zamani. Huchipua vijiti vingi vifupi, majani yake madogo ya manjano, na baada ya kukatwa mara chache zaidi hufa. Wataalamu wamegundua kwamba unaletwa na kijidudu cha namna ya bakteria kiitwacho fitoplasma, ambacho huchukuliwa na mdudu mdogo arukaye na kufyonza majani. Hakuna dawa ya kunyunyiza itakayoliponya shina lililokwisha kushikwa.

Mdudu yule hana lawama kubwa kuliko sisi, maana hawezi kusafiri mbali. Mwenye kuupeleka ugonjwa kutoka wilaya hata wilaya ni mkulima mkarimu, ampaye jirani au shemeji mabua ya kupanda bila kuyatazama. Mabua yaliyokatwa karibuni huonekana mazima. Shamba hudumaa baada ya kukatwa mara mbili au tatu. Kwa hiyo mtu asichukue mbegu katika shamba ambalo hakuliona likichipua tena. Shina lenye dalili ling'olewe na mizizi yake yote, lichomwe au lifukiwe, na mahali pake papandwe kitu kingine. Najua ni vigumu kwa mtu mwenye ng'ombe mwenye njaa kung'oa majani ambayo bado ni mabichi. Lakini akiliacha shina moja kwa huruma, mwaka ujao atang'oa mstari mzima.

Nimekwisha kusikia maneno ya wanaopinga. Wa kwanza husema: "Miwa huleta fedha nyingi kwa mara moja. Majani yataleta nini?" Ni kweli fedha za miwa huja kwa fungu. Lakini huja baada ya muda upatao mwaka mmoja na nusu, bei haipangwi na mkulima, na katikati ya muda huo watoto hula kila siku. Maziwa huja asubuhi na jioni. Mimi sisemi miwa yote ing'olewe. Nasema mtu mwenye eka mbili asiifunike yote kwa zao lisiloliwa nyumbani, kisha akanunue maziwa na posho dukani. Atenge walau robo tatu ya eka, amlishe ng'ombe mmoja vizuri, na samadi ya ng'ombe huyo irudi kwenye majani, migomba na mahindi. Vichwa vya miwa vyaweza kumsaidia ng'ombe wakati wa dhiki, lakini kwa chakula cha kila siku havitoshi.

Wa pili husema: "Majani yatanyang'anya mahindi nafasi." Huyu namwomba atazame kazi iliyofanywa Mbita, kando ya ziwa letu upande wa Kenya, na watafiti wa ICIPE pamoja na wenzao wa Rothamsted wa Uingereza tangu miaka ya 1990. Walipanda mabingobingo kuzunguka shamba la mahindi, na desmodiamu katikati ya mistari. Nondo ambao viwavi wao hutoboa mabua ya mahindi huchukizwa na harufu ya desmodiamu, huvutwa na mabingobingo ya pembeni, hutaga mayai huko, na viwavi wengi wakianguliwa hunaswa na utomvu wa majani hayo wakafa. Na ile desmodiamu huzuia kiduha, gugu lenye maua ya zambarau ambalo wakulima wa Busia na Tororo walijua sana. Hivyo pembeni mwa shamba majani hulinda mahindi na kumlisha ng'ombe, wala hayanyang'anyi kitu.

Na ndugu zetu wa upande wa Mbale, waishio kwenye miteremko ya Mlima Elgon, wana sababu nyingine. Mabingobingo yakipandwa kwa mstari ukingoni mwa matuta hushika udongo usichukuliwe na mvua. Sisemi kwamba majani yangeweza kuzuia mlima kuporomoka kama ulivyoporomoka Bududa mwaka 2010. Msiba ule ulikuwa mkubwa kupita nguvu za mizizi ya majani. Lakini udongo wa juu unaokwenda na maji kila msimu, kidogo kidogo, huo mizizi yake yaweza kuuzuia.

Wa tatu ni yule asemaye: "Nipe ng'ombe kwanza, majani nitatafuta." Mwaka 1988 wakulima Wakristo wa Uingereza walianza kuleta ng'ombe wa maziwa Uganda kwa shirika lililoitwa Send a Cow. Desturi ya mpango wao ilikuwa kwamba mtu ajenge banda na kupanda majani kabla ya kumpokea ng'ombe, na ndama jike wa kwanza ampe jirani. Desturi hiyo ina akili nyingi. Siku hizi kuna Mpango wa Maendeleo ya Parokia wa Serikali, uliozinduliwa Kibuku mwezi wa Februari 2022, ambao humkopesha mtu wa nyumba shilingi 1,000,000. Wengi hukimbilia mnadani kabla ya kushika jembe. Ningalikuwa na sauti, ningalimwambia kila mmoja: panda leo, nunua mnyama baada ya miezi minne. Majani hayahitaji mkopo. Yahitaji mgongo tu.

Kuna jambo moja linaloniudhi zaidi. Siku hizi wafanyabiashara hutangaza nepia mpya, waiitayo ya ajabu, kwa bei kubwa kwa kipande. Nayo ni nini? Ni mabingobingo yaliyokwenda Thailand, yakachanganywa na uwele, ambao nao asili yake ni Afrika, kisha yakarudi. Vivyo hivyo majani ya aina ya brakiaria yalichukuliwa huku, yakachanganywa na wataalamu wa Colombia, yakarudi kwetu na jina la Mulato. Siwalaumu wageni, kwa maana walifanya kazi iliyopaswa kufanywa, na faida yake sasa twaipata sisi pia. Nauliza tu: kwa nini mtu wa mbali aliona hazina mahali ambapo sisi tuliona adhabu? Wako Waafrika walioiona, na shukrani zetu ziwafikie. Watafiti wa Kenya walichagua Kakamega 1 na Kakamega 2, zinazostahimili ugonjwa wa fugwe, ule unaogeuza mashuke kuwa unga mweusi. Na hapa Uganda kituo cha Kawanda kilitupa ile KW4. Lakini wao ni wachache, na sisi tusomao sayansi kila siku tu wengi.

Basi nina maombi matatu. La kwanza, kufyeka kuondolewe katika orodha ya adhabu za shule. Usafi wa kiwanja uwe zamu ya wote, walio wema na wakorofi, kama kufagia darasa. La pili, kila shule yenye nafasi ipande robo eka ya mabingobingo yaliyo safi, wanafunzi wa kilimo wayapime na kuandika: tuliyakata lini, yalikuwa na kilo ngapi, mstari wenye samadi ulishindaje ule usio nayo. Hayo yatatufundisha hesabu na sayansi ya mimea kuliko kunakili ubaoni. Na kila amalizaye shule aende kwao na fungu moja la mabua kutoka shamba ambalo ameliona kwa macho yake likichipua mara tatu bila ugonjwa.

La tatu ni kwenu, wanafunzi wa zamani. Wengine wenu mna mashamba, wengine ni maofisa wa mifugo, na wengine mnakaa Kampala na kuwaachia wazee mashamba yaliyojaa miwa. Mkija siku ya mkutano wenu msituletee hotuba peke yake. Mmoja wenu atuonyeshe kwa mkono wake shina lililodumaa na shina lililo zima, tujue tofauti. Mwingine atupe mabua mazima ya kuanzia. Maana mwaka ujao mimi na wenzangu wa kidato cha sita tutakuwa nje ya lango hili. Wachache watapata nafasi katika Chuo Kikuu. Waliobaki watarudi kwenye eka moja au mbili za baba zao, na ndugu wadogo nyuma yao wakingoja karo. Yafaa tuanze mapema kujua ni nini kitakachopandwa juu ya eka hizo.

Mwanafunzi wa kidato cha sita,
Bugembe